Harold Beverage: Aliyeshusha waya hadi chini akaishinda kelele ya redio

KWA miaka mingi familia za Saboti, Kiminini na Endebess, hadi upande wa Bungoma katika miinuko ya Kimilili na Chwele, zilijua tiba moja tu ya redio iliyokataa kusikika vyema. Kijana mwepesi wa viungo alitumwa kuukwea mkaratusi akiwa na waya, akaufunga kileleni, kisha ncha ya pili ikapitishwa dirishani hadi kwenye redio ya betri.

Lakini wapi! Sauti ya mtangazaji wa BBC au ya Deutsche Welle ilipata nguvu, ila kelele nayo ilipata nguvu vilevile. Mkwaruzo wa radi za Ziwa Victoria na za misitu ya Kongo uliimeza taarifa ya habari katikati ya sentensi, na wazee waliokuwa wameketi kimya wakaachwa wakibishana ni nchi gani iliyokuwa imetajwa.

Mtu aliyethibitisha kwamba tiba yaweza kuwa kinyume cha hiyo, yaani waya urefushwe na ushushwe karibu na ardhi badala ya kupandishwa mtini, alikuwa mhandisi Mmarekani aliyeitwa Harold Henry Beverage. Kwa wasomaji wengi jina hilo ni geni. Lakini kwa wapenzi wa redio ya ridhaa, yaani watu wenye leseni ambao huwasiliana na wenzao duniani kwa mitambo yao wenyewe bila kutafuta faida, hakuna asiyelijua. Kifaa alichokibuni huitwa kwa jina lake hadi leo, zaidi ya miaka 100 tangu akipatie hataza.

Beverage alizaliwa Oktoba 14, 1893 katika kisiwa cha North Haven, jimbo la Maine, kaskazini mashariki mwa Marekani. Wakati huo Guglielmo Marconi alikuwa bado hajafanya majaribio yake ya kwanza ya simu ya upepo kule Italia. Kwa hivyo mtoto huyo na redio walikua pamoja. Alikuwa na miaka minane Marconi alipotangaza kwamba amenasa ishara kutoka ng'ambo ya bahari ya Atlantiki mnamo Desemba 1901. Alikuwa na miaka 18 meli ya Titanic ilipozama Aprili 1912, na abiria walioponea wakaokolewa kwa sababu mtumishi wa mitambo katika meli ya Carpathia aliisikia simu ya upepo ya kuomba msaada.

Baada ya mkasa ule, hakuna aliyehitaji kuelezwa tena umuhimu wa kusikika. Kusikia, hata hivyo, ni jambo jingine, na ndilo Beverage alilolifanya kazi ya maisha yake.

Alihitimu shahada ya uhandisi wa umeme katika Chuo Kikuu cha Maine mwaka wa 1915, akaajiriwa na kampuni ya General Electric mjini Schenectady, jimbo la New York. Mwaka uliofuata aliingia katika maabara ya Ernst Alexanderson, mhandisi mzaliwa wa Uswidi ambaye tayari alikuwa gwiji. Alexanderson alikuwa ameunda mashine kubwa ya kuzunguka, mithili ya jenereta za mabwawa ya umeme, iliyozalisha mawimbi ya redio moja kwa moja. Mashine ya aina hiyo ilifungwa New Brunswick, jimbo la New Jersey, na mnamo 1918 iliweza kusikika Ulaya.

Kutuma ujumbe, basi, kulikuwa kumepata ufumbuzi. Aliyekuwa na pesa na nguvu za umeme alituma. Kupokea ndiko kulikokuwa na donda ndugu.

Mawimbi yaliyotumika enzi hizo kuvuka bahari yalikuwa marefu mno, kila wimbi likiwa na urefu wa zaidi ya kilomita 10. Kwa bahati mbaya, umeme wa radi nao hutoa mawimbi ya redio, na nguvu zake ni nyingi zaidi katika masafa hayohayo ya chini. Mpasuko mmoja wa radi husafiri maelfu ya kilomita na kuingia katika kila redio iliyo njiani. Wakati wa kiangazi cha Marekani, ambao ndio msimu wa ngurumo kule, kulikuwa na saa nyingi ambapo karani wa simu hakuweza kuandika hata neno moja.

Wengi walidhani suluhisho ni kuongeza nguvu za kipokezi. Valvu za kukuza sauti zilikuwa zimeanza kupatikana, na ishara hafifu ingeweza kukuzwa mara maelfu. Lakini valvu haichagui. Hukuza ujumbe na kelele pamoja, kama mtu anayepandisha sauti ya redio katika matatu iliyojaa watu wanaopiga gumzo, kisha abiria nao wakapaza sauti zaidi. Tatizo halikuwa udogo wa ujumbe. Tatizo lilikuwa uwiano kati ya ujumbe na kelele, na uwiano huo huamuliwa pale mawimbi yanapoingia, kabla ya valvu ya kwanza kuyagusa.

Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, Alexanderson alibuni mtambo wa kupokea uliotumia nyaya mbili ndefu zilizotandazwa ardhini kuelekea pande mbili tofauti. Nia ilikuwa kuzizima ishara za adui ambaye angejaribu kuyavuruga mawasiliano. Kazi ya kuufanyia majaribio mfumo huo baada ya vita ilimpeleka Beverage nyumbani Maine, katika kituo cha jeshi la majini cha Otter Cliffs, kilichojengwa mwaka wa 1917 na tajiri mmoja mpenzi wa redio, Alessandro Fabbri. Kituo hicho cha pwani yenye miamba kilikuwa kimepata sifa ya kusikia Ulaya vizuri kuliko vingine.

Hapo, kati ya 1919 na 1920, ndipo Beverage alipogundua jambo lililowapita wengine. Waya mmoja mrefu, uliolazwa au kuinuliwa kidogo tu juu ya ardhi na kunyooshwa kuelekea kituo kinachotafutwa, ulisikia vizuri kutoka pande mbili, mbele na nyuma, huku ukipuuza kelele za ubavuni. Na iwapo ncha moja ya waya huo ingeunganishwa na ardhi kupitia rezista yenye kiwango kinachofaa, basi sikio la upande mmoja lingezibwa kabisa. Waya ungesikia upande mmoja tu wa dunia.

Sababu yake si uchawi. Wimbi la redio linaposafiri juu ya ardhi isiyopitisha umeme vizuri, miguu yake huburutwa na udongo. Hivyo wimbi zima huinama kidogo kwenda mbele, mfano wa mtu anayekimbia huku matope yakimshika visigino. Kuinama huko ndiko kunakouwezesha waya uliolala kulinasa, ilhali wimbi lililosimama wima lingeupita bila kuacha kitu.

Anayetaka picha ya karibu na nyumbani autazame mfereji wa maji ya mvua ulioning'inizwa kwenye ukingo wa paa la mabati. Kila bati huongeza maji yake kidogo, na mkondo huzidi kunenepa kadiri unavyokaribia tangi. Ndivyo wimbi linalotoka mbele linavyoongezeka hatua kwa hatua kando ya waya hadi kwenye kipokezi. Wimbi linalotoka nyuma nalo hukusanyika, lakini huelekea ncha ya pili, na huko hakuna tangi, kuna rezista tu inayolimeza na kuligeuza joto. Mawimbi ya ubavuni hayakusanyiki, kwa maana huufikia waya kwa namna inayoyafanya yafutane.

Waya kama huo hunasa kiasi kidogo sana cha nguvu, na kwa kutuma ujumbe ni hasara tupu. Mhandisi asiye na subira angeutupa siku ya kwanza, kwa kuwa ishara yenyewe ilishuka. Beverage aliona kwamba kelele ilishuka zaidi ya ishara, na kwamba ishara ndogo iliyo safi yaweza kukuzwa kwa valvu bila wasiwasi. Huo ndio ugunduzi wenyewe, na si waya.

Haki itendeke pia kwa wenzake wawili, Chester Rice na Edward Kellogg, waliofanya kazi katika kampuni hiyohiyo mjini Schenectady na waliochangia nadharia na kuukamilisha mfumo. Watatu hao walichapisha pamoja maelezo kamili ya antena hiyo mwaka wa 1923. Hata hivyo hataza ya Marekani, iliyotolewa Juni 7, 1921, ilikuwa kwa jina la Beverage, na jina ndilo lililobaki. Rice na Kellogg hawakutoka mikono mitupu. Katikati ya miaka hiyo ya 1920 walibuni kipaza sauti cha karatasi na koili, ambacho muundo wake ndio uliomo hadi leo katika takriban kila redio, iwe ya sebuleni au ya dukani pale Kitale.

Kufikia hapo Beverage alikuwa amehamia RCA, kampuni iliyoundwa mwaka wa 1919 ili kuendesha mawasiliano ya redio kati ya Marekani na nchi za ng'ambo. Alipewa jukumu la kuimarisha upokeaji, na kituo chake kikawa Riverhead, katika kisiwa cha Long Island. Huko waya ulinyooshwa kwa takriban kilomita 14, kwenye nguzo zilizofanana na za simu. Ni kama kutoka Saboti kuelekea Kitale na zaidi ya nusu ya safari! Mfumo kama huo ulisambazwa katika vituo vingine vya kampuni hiyo pwani ya Atlantiki.

Lakini sifa ya waya huo ilienea kwa kishindo kupitia kwa watu wasiolipwa. Mwishoni mwa 1921, chama cha redio ya ridhaa cha Marekani kilimtuma mwanachama wake hodari, Paul Godley, hadi Scotland. Alitakiwa kubaini iwapo mitambo midogo ya raia, iliyoruhusiwa kutumia mawimbi mafupi yenye urefu wa mita 200 hivi yaliyodharauliwa na makampuni, ingeweza kuvuka bahari. Wakubwa wengi hawakuamini.

Godley alipiga hema katika ufuo wa Ardrossan, mvua na upepo wa baridi vikimchapa, akanyoosha waya wa Beverage wenye urefu wa takriban mita 400 juu ya nguzo kumi fupi, kimo cha chini ya mita nne. Usiku wa kuamkia Desemba 12, 1921 alinasa ujumbe kamili kutoka kituo cha 1BCG mjini Greenwich, jimbo la Connecticut, kilichojengwa na kundi la marafiki sita akiwemo Edwin Armstrong, ambaye baadaye alibuni redio ya FM. Waingereza kadhaa nao walizisikia ishara za Marekani katika siku hizo, lakini ujumbe mzima, neno kwa neno, ulipitia waya wa Ardrossan.

Tukio hilo lilibadili mkondo wa historia, na kwa namna fulani likamgeukia Beverage mwenyewe. Ilipobainika kwamba mawimbi mafupi yanaweza kuizunguka dunia kwa nguvu kidogo, makampuni yalianza kuyahama mawimbi marefu. Waya wa kilomita 14 ukawa kama treni ya makaa ya mawe siku ya kwanza ya injini ya dizeli. Kazi kubwa ya mwisho ya enzi yake ilifanywa Houlton, Maine, ambako kampuni ya AT&T ilijenga safu ya antena nne za aina hiyo kwa ajili ya huduma ya kwanza ya simu za sauti kati ya New York na London, iliyofunguliwa mwaka wa 1927.

Mtu mwingine angeng'ang'ania uvumbuzi wake hadi uozee mikononi. Beverage alilifuata tatizo popote lilipokwenda. Mawimbi mafupi yalikuwa na ugonjwa wao: sauti hupanda na kufifia kila baada ya sekunde chache, kwa sababu wimbi hufika kwa njia kadhaa kupitia angani. Akiwa na mwenzake Harold Peterson huko Riverhead, aligundua kwamba sauti haififii kwa wakati mmoja katika antena zilizotenganishwa kwa mamia ya mita. Wakaweka antena tatu, wakaziunganisha, na pale moja ilipopoteza nyingine ikashika. Mbinu ya kutumia antena zaidi ya moja ndiyo inayozifanya simu za mkononi za sasa kushika mtandao katikati ya jiji.

Alipanda cheo hadi kuwa mhandisi mkuu wa utafiti wa kampuni tanzu ya mawasiliano ya RCA mwaka wa 1929, kisha makamu wa rais mwaka wa 1940. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili alimshauri Waziri wa Vita wa Marekani kuhusu mawasiliano ya redio, yakiwemo yale yaliyotumika katika uvamizi wa Afrika Kaskazini na wa pwani ya Normandy mnamo Juni 1944. Mwaka wa 1945 taasisi ya wahandisi wa redio ya nchi hiyo, ambayo alikuwa ameiongoza kama rais mwaka wa 1937, ilimtunuku nishani yake ya juu kabisa.

Waya wake, wakati huo, ulikuwa umesahauliwa na wenye pesa. Waliouokota tena ni wapenzi wa redio ya ridhaa, hasa wale wanaotumia mawimbi ya mita 160 na mita 80, ambayo kelele yake ya radi huwatoa wengi machozi.

Kwao, eneo kama Trans Nzoia lina sababu za pekee za kuuthamini. Mji wa Kitale uko karibu na Ikweta, na bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani. Kabare, mashariki mwa Kongo, ndiko kunakoongoza barani Afrika kwa wingi wa radi. Ukisimama Saboti, Kongo hiyo iko magharibi kuelekea kusini, nayo Ulaya iko kaskazini magharibi, upande ambao Mlima Elgon umesimama. Maana yake ni kwamba waya uliolengwa Ulaya huipa Kongo ubavu, na ubavu ndio upande usiosikia. Ramani yenyewe imeupendelea.

Vipimo vyake si vya kutisha. Kwa mawimbi ya mita 160, waya wa mita 160 hadi 300 ulioinuliwa mita mbili au tatu, kimo cha kutosha ng'ombe kupita chini, hufanya kazi ya maana. Huhitaji transfoma ndogo upande wa redio, rezista ya omu 400 hadi 600 upande wa pili, na vyuma vilivyopigiliwa ardhini katika ncha zote mbili. Kwa mbali mtu anaweza kuudhani ni seng'enge ya shamba iliyosahauliwa kuongezwa nyaya.

Shida ni ardhi. Mashamba makubwa ya mahindi yaliyokuwa ya walowezi yamegawanywa tangu Uhuru, yakagawanywa tena kwa wana na wajukuu, na kwingine yamekuwa ploti. Upande mmoja wa ekari yenye umbo la mraba hauzidi mita 64. Hapo ndipo lilipoingia toleo dogo ambalo limependwa sana katika miaka ya karibuni: waya wa mita 60 au 70 uliolazwa ardhini kabisa, katikati ya nyasi. Wimbi husafiri polepole zaidi kwenye waya uliogusa udongo, hivyo waya mfupi hujifanya mrefu. Hausikii vizuri kama ule wa kilomita, lakini hutosha katika ekari moja.

Toleo hilo pia hupambana na adui ambaye Beverage hakumjua ujanani. Chaja za simu, taa za LED za bei nafuu na vidhibiti vya sola vimejaa vijijini, na vingi hutoa kelele inayoingia kwenye redio kutoka nyumba ya jirani. Waya uliolala mbali na nyaya za stima huinasa kelele hiyo kwa uchache kuliko mlingoti uliosimama juu ya paa. Msimu nao una lake. Kati ya Desemba na Februari mvua huwa haba magharibi mwa Kenya, ngurumo za karibu hupungua na udongo hukauka, jambo ambalo waya huu hulipenda.

Hadhari moja haina budi kutiliwa mkazo katika eneo ambalo radi huua watu na mifugo. Mita 200 za waya zinaweza kuleta umeme hatari hata radi ikipiga mbali. Wenye uzoefu huutoa waya kwenye redio na kuuelekeza ardhini kabla wingu halijatanda, na hawaugusi hadi litakapopita.

Beverage alistaafu mwaka wa 1958 akiendelea kutoa ushauri, akiwa na hataza zaidi ya 40 kwa jina lake. Aliishi kuziona valvu zikichukuliwa nafasi na transista, na simu za baharini zikihamia setilaiti. Alifariki Januari 27, 1993 akiwa na umri wa miaka 99, mjini Stony Brook, katika kisiwa kilekile cha Long Island ambako waya wa kilomita 14 ulikuwa umenyooshwa.